Jina na Kwao

Josias alikuwa fundi wa simu katikati ya mji wa Durban, na mwaka 2012 alijenga jukwaa mtandaoni ili Wakongo wenzake wapate pa kuzungumza kama watu wazima. Alichoshwa na matusi ya watu wenye majina ya bandia. Basi akaweka sharti moja, lile lile la mikutano ya nyumbani Kongo: anayetaka kusema ataje kwanza jina lake na kwao. Juu ya kila ujumbe ukakaa mstari: Peguy, wa Uvira. Félicité, wa Bunia.

Mwezi haukuisha, vita vya nyumbani vikawaka tena, na watu wakaacha kusoma ujumbe. Walisoma ule mstari tu, wakajua mtu ni wa upande gani na la kumjibu. Josias akaufuta, lakini maji yalikwisha kumwagika. Wakaanza kuulizana: "Wewe ni wa wapi, tukujue?"

Jumatatu moja Serge, kinyozi wa duka la jirani, akaandika: "Mama Laurette ametuacha leo asubuhi. Watoto iko peke yao kwa flat, South Beach. Tusaidiane."

Jibu la kwanza likaingia kabla Josias hajaweka bisibisi chini: "Alikuwa wa wapi?"

Akalifuta jibu lile kwa hasira. Kisha akajikuta amefungua orodha ya zamani ya wanachama, anatafuta jina la Mama Laurette, aone kwao ni wapi.