Sheikh Nionyeshe na Vyerehani Kumi na Viwili

Sheikh Nionyeshe, Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 1949 katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, mtoto wa saba wa muuza duka. Alihifadhi Qurani akiwa na miaka kumi na mmoja, akasoma fiqhi miaka tisa ughaibuni, akarudi kufundisha. Alikuwa na miaka hamsini na mitano benki moja isiyotoza riba ilipomwomba aongoze bodi yake ya masheikh, wale wanaopitisha kila aina ya mkataba kabla haujamfikia mteja. Mkewe akamwambia, “Haya mzee wangu, umepata kiti chenye magurudumu. Angalia kisikupeleke usikotaka.”

Kikampeleka. Sharti lilikuwa benki inunue mali, iipokee, ndipo imuuzie mteja kwa faida inayojulikana. Meneja alilalamikia foleni, akaomba karatasi zote mbili, ya benki kununua na ya mteja kununua, zisainiwe kwa mpigo. Sheikh akaridhia. Siku hiyo alikuwa amechoka, lakini hakuwahi kujificha nyuma ya uchovu huo.

Mwaka 2008 mama mmoja mshonaji, mjane, aliagiza vyerehani kumi na viwili. Alisaini asubuhi. Mchana ghala la muuzaji likateketea, kabla mtu yeyote wa benki hajakanyaga huko. Benki ikamdai mama yule bei yote, na nyumba aliyoweka rehani ikapangiwa siku ya mnada. Akamsubiri Sheikh mlangoni pa msikiti.

“Sheikh, sijagusa hata sindano, na nyumba wanaitaka. Ndiyo halali mliyonihubiria hii?”

Sheikh alikwenda moja kwa moja benki, akaita kikao.

“Nani kati yenu aliviona vyerehani hivi?”

Afisa mmoja akatikisa kichwa: hakuna aliyefika ghalani.

“Basi mmemuuzia mama wa watu kitu ambacho hamjakipokea. Hapa hakuna mauzo, na hasara si yake.”

Meneja akachomoa waraka. “Sheikh wangu, saini iliyoruhusu ni yako.”

“Yangu kabisa. Ndiyo maana naifuta kwa mkono wangu. Andikeni: Sheikh alikosea.”

Mama akabaki na nyumba yake. Sheikh akabaki bila kiti, maana mkataba wake haukuongezwa. Alirudisha posho ya mwaka mzima, akarejea darasani kwa miguu. Baada ya miaka miwili wenye amana walianza kuuliza ni nani sasa anayeikatalia benki, nayo ikamrudia. Alikubali kwa sharti moja: afisa aende ghalani, aione mali, aipokee, ndipo karatasi ya pili itolewe. Tangu hapo kila mkataba ulioletwa mbele yake aliupokea kwa neno moja, “Nionyeshe,” na jina likamganda.

Alifariki Ijumaa moja ya mwaka 2019, baada ya swala ya alfajiri. Karama zake husimuliwa nyingi. Iliyoonwa na watu wengi ni kwamba meneja yule yule alilibeba jeneza lake akilia bila haya, na sanda aliikata mama mshonaji, akakataa malipo. Tunamshukuru Mola kwa mwanachuoni aliyesema “nilikosea” mbele ya wakubwa, kwani familia nyingi zinalala leo chini ya mapaa yaliyookolewa na neno hilo. Anayetaka kumfuata asihangaike na kilemba. Kabla ya kusaini, ainuke akaione mali.