Niliivaa Ile Veste Bila Kujua Imetoka Wapi

Admin, tafadhali ficha jina langu, juu Uvira ni ndogo na watu wananijua kwa mwendo tu.

Minye ni kijana wa miaka ishirini na saba, muzaliwa wa kwanza kwetu. Nilimaliza droit, masomo ya sheria, na tangu pale niko stagiaire parquet, najifunza kazi ku ofisi ya mashitaka. Ni stage ya serikali, mushahara hakuna, hata ya taxi moto haiko. Kila mara tunaambiwa vumilieni, majina yenu yameenda Kinshasa. Sijui kule wanayafungia karanga! Napanga kachumba Songo, nakula mara moja kwa siku, na viatu vyangu vimeshonwa mupaka mushonaji mwenyewe ananihurumia. Lakini nikipita Nyamianda utasikia watu: "Bwana Procureur, habari ya asubuhi!" Nami naitika. Ningefanya nini?

Wazazi wangu wako kule plaine, bonde la Ruzizi, wanalima muhogo na mupunga. Walinisomesha kwa jembe, sisemi uongo. Nyuma yangu kuna mudogo wangu musichana, nitamuita Neema ingawa si jina lake. Yuko na miaka kumi na sita. Baba alimutoa shuleni ili minye nimalize, akamuambia: "Kaka yako akipata kazi, atakurudisha." Neema alikubali bila kelele. Kila nikienda nyumbani alikuwa na swali moja tu: "Kaka, wameanza kukulipa?"

Sasa sikieni. Chef wetu kazini alituchoka. Akasema stagiaire bila veste asikanyage tena ofisini, hapa si soko ya ndagala. Veste yangu ilikuwa imepasuka kwapani, nikiinua mukono watu wanaona shati. Nikamulilia mama ku simu. Haikupita muda akateremuka mujini na mufuko: veste mupya, bluu ya kukolea, na suruali yake. Nikashangaa. "Mama, mumeitoa wapi?" Akasema, "Vaa tu, mwanangu. Mutoto wa kwanza lazima aonekane." Hakunitazama usoni. Nami kwa furaha sikumuuliza tena. Kazini Chef akanigonga begani: "Leo sasa unafanana na mwanasheria." Wiki nzima nilitembea kifua mbele kama mujinga.

Jumapili nikaenda plaine kuwashukuru. Nikakuta wageni uwanjani, kasiksi, pombe ya ndizi, imewekwa katikati, Baba anacheka vile sijamuona akicheka tangu zamani. Muzee mumoja, ambaye Baba anamuzidi umri kidogo tu, akasimama akanikumbatia. "Shemeji! Angalia vile veste imekukaa! Rangi nilichagua mwenyewe."

Jamani, nikaiangalia ile veste mwilini mwangu, ndipo nikaelewa.

Kwetu, mali ya musichana, yaani mahari, ikitolewa, kaka mukubwa naye anatoka na nguo yake. Akiivaa, amekubali. Akiirudisha, mambo yanasimama mupaka wazee wakae tena. Na minye nilikuwa nimeivaa, tena nimeizungusha Uvira nzima.

Nikamuvuta Baba nyuma ya nyumba. Nikamuambia, "Baba, Neema ni mutoto. Hili ni kosa, sheria inafunga muntu." Akaniangalia kutoka chini mupaka juu.

"Sheria gani? Ile ambayo haijakupa hata sabuni? Nilikungojea weye, mwanangu. Nilingoja, nilingoja. Wadogo zako walifukuzwa shule, mama yako hawezi tena kuinama shambani. Ng'ombe wamefika, mumoja tumekwisha kumuuza, watoto wamerudi darasani. Ukiirudisha hiyo nguo, usikanyage tena kwangu. Ama nenda ukaniandikie PV. Nitaweka kidole."

Na kuandika PV, maneno ya mushitakiwa, ndiyo kazi yangu. Pale parquet Chef anauliza, minye naandika. Hata juzi niliandika maneno ya baba mumoja wa hukuhuku plaine, aliyeozesha binti ambaye hajatimiza miaka kumi na nane. Alilia mbele yangu, akasema ni njaa. Nilimudharau ndani ya roho, nikasema huyu ni baba wa namna gani. Bado yuko cachot, amefungwa.

Neema alinisindikiza mupaka barabarani. Minye machozi yalikuwa karibu, yeye macho makavu. Nikamuambia, "Neema, naapa, sikujua." Akashika mukono wa veste, akaunyoosha mukunjo pole pole.

"Nilipowaambia sitaki, Mama alisema tungojee, kaka akirudisha nguo, wataacha. Nikangoja. Nilijua weye utairudisha, si umesoma mambo hayo? Kisha Mama akarudi kutoka mujini, akaniambia kaka yako amekwisha kuvaa."

Akageuka, akarudi kwa wageni.

Ndoa ni baada ya mavuno ya mupunga, na nimepita mashambani, mupunga umeiva. Mama yangu simupigii tena simu, sijui hata ningemuambia nini. Nikishitaki, yeye na Baba watalala cachot, na atakayeandika maneno yao ni minye. Nikirudisha veste nimepoteza nyumbani, na kazini nafukuzwa bila attestation, ile karatasi ya kumaliza stage, miaka yote imekwenda bure. Nikinyamaza, Neema ameenda.

Ninyi wazazi munaosoma hapa, ninyi wanasheria, na weye dada ambaye yalikupata kama haya na kaka yako akanyamaza, ongeeni nami. Munitukane kama munataka, lakini munijibu. Veste imetundikwa ku musumari hapa mbele yangu. Kesho asubuhi niingie parquet nimeivaa, ama niibebe mukononi, niiweke juu ya meza ya Chef, nianze kusema? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?