Kamera Tupu Kambini

Mkasa huu nimewaficha wenzangu miaka mingi, maana mtu aliyesoma chuo hadi akavaa joho hapendi ijulikane kwamba aliwahi kuumbuliwa mbele ya kambi nzima na mwanamke mwenye beseni la maji na sabuni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami niko likizo kwa mjomba wangu, karani wa shamba la mkonge karibu na Kimamba, na shingoni nimening'iniza kamera niliyouziwa na mwenzangu chuoni, kuukuu hasa, ngozi imebanduka, na mlango wake wa nyuma haufungi mpaka ukazwe kwa kamba ya mkonge (mimi nikiuona huo ndio ufundi). Filamu yangu ya pekee nilikuwa nimeimaliza siku chache kabla, nilipodandia lori hadi Mikumi nikapiga makalio ya twiga, twiga baada ya twiga, maana kila nilipokuwa tayari walikuwa wameshanigeuzia. Nikaipeleka Kilosa mjini kwa Mhindi aisafishe, nikarudi na kamera tupu, bado nimeivaa. Ya nini? Maringo tu.

Ndipo Bukuru akanisimamisha kambini. Alikuwa mkata mkonge, mmoja wa manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka upande wa Kigoma, mkubwa wangu kwa umri, mpole, na siku hiyo alivaa koti la kuazima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nipige picha. Kwetu wanasema nimekufa, wanataka mke wangu arithiwe na ndugu yangu. Jirani yangu wa kule anarudi Jumamosi kwa treni. Aende nayo, wanione."

Hapo ndipo ningesema sina filamu. Lakini mtu alishasimama wima, vifungo amefunga mpaka kooni, watu wanatazama, nikajiambia nibonyeze tu kumridhisha, kesho nitanunua filamu nimpige tena kwa kisingizio cha mwanga. Nikabonyeza. Ka!

Kumbe mlio ule uliita kambi nzima. "Na sisi, bwana mdogo!" Mmoja akaja na baiskeli ya mwenzake, mwingine akasogeza mbele saa ya mkononi isiyotembea, mnyapara naye akaja na mkewe, Mama Zaituni, aliyekwenda kubadilisha khanga akarudi, akaenda tena. Nikabonyeza, nikabonyeza, jasho linanitoka, kila mlio uongo mwingine.

"Tutaziona lini?" Mama Zaituni akauliza.

"Mpaka zisafishwe, mama."

"Kusafishwa tu? Maji si haya, na sabuni ninayo!"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Akarudi na beseni, akaidaka kamera, akaanza kufungua kamba.

"Usifungue! Zitaungua kwa mwanga!" nikapiga kelele, kwa sauti ya mtu anayejali picha, kumbe najali shingo yangu.

Akafungua. Akachungulia, akaingiza kidole, akaigeuza na kuitikisa juu ya beseni.

"Haya, msomi," akasema, "sisi tumo wapi humu?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha, maana wanaume wale walikuwa wametoka shambani na visu vyao vya kukatia mkonge. Bukuru alivua koti, akalikunja, akamrudishia mwenyewe.

Kulipopambazuka niliendesha baiskeli ya mjomba hadi Kilosa, nikapata filamu moja, na Mhindi akaniambia ndiyo ya mwisho mpaka mzigo uje kutoka Dar es Salaam. Nikarudi mbio, nikawapiga picha wale niliowadanganya (walisimama wamenuna kama walioitwa mbele ya hakimu), na picha ya mwisho nikamwekea Bukuru, ambaye ilibidi abembelezwe. Nikabonyeza. Safari hii ilikuwa kweli.

Bukuru akanyoosha mkono. "Lete nione kama nimo."

"Kaka, nakuapia, ukifungua zitaungua."

"Jana pia ulisema zitaungua," Mama Zaituni akadakia. "Ikaungua nini, hewa?"

Sasa wote wakacheka. Niliikumbatia kamera, nikarudi nyuma, nikagonga kifua cha mtu, nikageuka, kifua kingine. Bukuru akaichukua bila nguvu, kwa adabu kabisa. Akafungua kamba, akavuta ule utepe mrefu, akauinua juani, akaitafuta sura yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Simo," akasema.

Nikaeleza habari za mwanga, nikaeleza dawa, nikachanganya na Kiingereza kidogo (Mungu anisamehe). Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanirudishia kamera.

"Basi, mdogo wangu. Uso wangu nitaupeleka mwenyewe."

Jumamosi alipanda treni na jirani yake, ameacha kazi mkataba haujaisha, jambo ambalo enzi hizo lingeweza kumfunga mtu jela. Nilikuwepo stesheni, nimejibanza nyuma ya marobota ya mkonge, nikiomba askari yeyote asitokee, na hakutokea. Kama alimkuta mkewe nyumbani kwake au kwa ndugu yake, sijui hadi leo.

Tangu hapo mtu akiniomba picha nami sina filamu, namwambia sina. Ni neno dogo, halimalizi hata pumzi moja, na siku ile nilikuwa nalo mdomoni.