Daftari la Wakesho bado liko kwangu

Admin, nifichie jina. Nina miaka themanini na mbili, ni daktari mstaafu hapa Voi. Figo zimechoka, na majibu ya vipimo vyangu najua kuyasoma mwenyewe, kwa hiyo msinipe moyo.

Miaka ya tisini hospitali yetu ilipata mashine ndogo ya ultrasaundi. Mwalimu akaja kufundisha maklinikal ofisa, matabibu wasio madaktari, wa kasualti kuitumia pale pale kitandani mwa mgonjwa. Sikupenda, niliona hiyo ni kazi ya daktari. Kila mwanafunzi alipewa daftari la wagonjwa hamsini, na kila mgonjwa lazima daktari atie sahihi, ndipo apate cheti. Daktari nilikuwa mimi.

Mmoja wao, Wakesho, si jina lake, alifika arobaini na tisa. Wa hamsini alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge aliyebanwa na trela. Wakesho akasema anaona damu tumboni. Nikachungulia skrini, nikamwambia mbele ya manesi, "Hiyo ni hewa. Umezoea kutafuta watoto matumboni mwa wajawazito, sasa unamtafutia hata mwanamume?"

Wakacheka. Yeye akasema polepole, "Daktari, hewa haiwi nyeusi hivyo. Tazama tena."

Sikutazama. Baada ya saa moja presha ya mgonjwa ikaanguka, nikampasua, nikakuta bandama imepasuka, tumbo limejaa damu. Alipona. Jamaa zake wakaniletea mbuzi, nikamla.

Sahihi ile sikuitia. Ingekuwa kuandika kwamba Wakesho aliona nisichokiona mimi. Daftari alikuwa ameniachia mezani; alipoliulizia, nikamwambia nilishamrudishia. Aliniamini mimi kuliko kumbukumbu yake, akaniomba msamaha kwa uzembe. Wenzake wakapata vyeti. Yeye akarudishwa kufunga vidonda mpaka akastaafu.

Sasa kila Alhamisi anashuka kutoka Werugha na chupa ya maziwa, ananipima presha. Juzi alimwambia binti yangu, "Nilikuwa mzembe, Daktari alinivumilia sana." Binti anajua yote. Wakesho alipoondoka, binti akaniambia, "Baba, achana nayo, atakuchukia bure." Hilo ndilo linaloniudhi. Hata leo ninayelindwa ni mimi.

Jana nililitoa daftari sandukuni, nikatia sahihi ukurasa wa hamsini. Kwa uzee huu, haifanani na zile arobaini na tisa. Nimkabidhi mwenyewe, nimtazame akifungua? Au alikute nikishazikwa, nisiuone uso wake? Nishaurini, nifanye nini? Ila mnijibu kabla ya Alhamisi.