Wake wa Firauni na Kitambaa cha Rangi ya Haradali

Buti la gari ya baba lilinuka nguo mpya. Ilikuwa harufu ya wanga na rangi ya dukani, imechanganyika na petroli kidogo na samaki wa asubuhi, na mpaka leo nikipita mbele ya duka la vitambaa, katika mji wowote ule, husimama nikavuta pumzi kama mtu aliyenusa biriani. Baba alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alikaa Khuwair ya Kusini, kitongoji cha mji wetu huko Uarabuni, nyuma ya maduka. Mama yangu, mke mdogo, alikaa Khuwair hiyohiyo, mitaa mitatu mbele. Baba alikuwa mwadilifu mpaka anachekesha. Alinunua kila kitu viwili viwili: nguru wawili wa uzito mmoja, pasi mbili za aina moja, na kila Idi kitambaa kimoja kilichokatwa katikati mbele ya macho yake. Nusu huku, nusu kule. Karibu kila mara kilikuwa cha rangi ya haradali. Mama alikipokea, akashukuru, akakikunja na kukitia chini kabisa ya kabati.

Wake hao wawili hawakuwahi kugombana. Walipelekeana salamu kupitia sisi watoto, na sinia za futari katika Ramadhani, lakini kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyekanyaga kizingiti cha mwenzake. Mimi na Asila, binti wa Bi Mkubwa, tulipishana miezi minne tu, tukasoma darasa moja na kukaa dawati moja. Watu wakituuliza tunahusianaje tulijibu kwa pamoja, "Baba mmoja," halafu tukaendelea kula.

Majira ya baridi ya mwaka wetu wa darasa la sita, katikati ya miaka ya tisini, abla wetu, mwalimu wa historia, mwanamke wa Kimisri mwenye sauti ya kuvunja vioo, aliamua kwamba siku ya kina mama shuleni darasa letu litaonyesha nyumba ya Firauni. Si yule Firauni wa kwenye mahubiri tu, alisema, bali nyumba yake: wake zake, binti zake, watoto waliopita mia. Alituonyesha picha. Mke mkubwa wa mfalme alichongewa sanamu yenye urefu sawa na wa mumewe, akajengewa na hekalu. Sanamu za wengine ziliishia kwenye magoti yake. Alikuwamo pia binti wa mfalme adui, aliyeletwa kutoka mbali kuolewa ili vita viishe. Tulipenda sana. Tatizo lilikuwa Firauni mwenyewe. Hakuna msichana aliyekubali kuwa Firauni, kwa kuogopa Mungu na kuogopa mama yake, kwa hiyo abla akaweka kiti kitupu, wake wakapangwa kukizunguka.

Kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wote, abla alinichagua mimi niwe mke mkubwa. Asila akapewa binti wa adui. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Wewe ndiye mke mkubwa? Na Asila yuko nyuma yako?"

"Ndiyo, mama. Nna taji!"

"Na mamaake atakuwapo pale, anatazama." Akasukuma ungo pembeni. "Raya, kesho mwambie abla hutaki. Bi Mkubwa atadhani mie nimekufunza."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyolitaka lile taji la kadibodi. Kesho yake sikumwambia abla neno, nilimwambia Asila.

"Kwani mie namtaka huyo mume wa kiti?" alisema. "Mchukue tu."

Lakini mama hakulegea. Aliapa kwamba nisipokataa mwenyewe, ataenda kwa abla. Baba naye, aliyeambiwa tu kwamba binti zake wanahitaji nguo za maonyesho, alifanya alilozoea. Alinunua haradali, akaikata katikati.

Siku mbili kabla ya maonyesho, baada ya sala ya alasiri, mlango wetu uligongwa. Mama alifungua, akabaki na kitasa mkononi. Alikuwa Bi Mkubwa, mnene, anahema, na mfuko kwapani.

"Nikaribishe basi, mwenzangu. Miguu inaniuma."

Alikaa, akanywa kahawa, akauliza kwa nini mtoto ana macho mekundu. Mama akaanza kueleza.

"Asila keshanambia," Bi Mkubwa alimkata. "Raya ndiye mrefu, basi. Ukubwa wa Firauni mie nna haja nao? Wa hapa Khuwair wanitosha." Kisha akatoa ile nusu ya kitambaa. "Binti wa adui atavaa nyeupe. Hiki nimekuletea wewe, mana'ke najua ndiyo rangi yako."

"Yangu?" mama alisema. "Mie? Siipendi hata kidogo! Si yako hii?"

"Yangu tangu lini?"

Wakatazamana. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa akiivumilia rangi ile kwa ajili ya mwenzake. Bi Mkubwa alianza kucheka kwanza, tumbo likitikisika, na mama akamfuata mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Walipoweza kusema tena, walikuwa wanamsema baba.

Siku ya kina mama, kiti cha Firauni kilitandikwa haradali, nusu mbili zilizoshonwa pamoja. Mimi nilivaa shali ya dhahabu ya harusi ya Bi Mkubwa, na wake wawili wa baba yangu walikaa kwenye viti vilivyoshikana.

Baadaye nilitoka Khuwair. Nimekaa miji mingi, hakuna nilikomaliza miaka mitatu, na kwenye ghorofa ninayokaa sasa namjua jirani yangu kwa kikohozi chake tu. Baba ametangulia mbele ya haki. Wiki iliyopita nilipiga simu ya mkononi ya mama, akapokea Bi Mkubwa.

"Mama yuko wapi?"

"Kalala hapa kwangu, tangu juzi," alinong'ona. "Wewe wamtakia nini?"