Mtani Aliyenionyesha Kaburi la Babu

Wanangu hunicheka kila nikisimulia jambo hili, na wewe ukitaka kucheka, cheka tu. Mimi mwenyewe nacheka. Ila usiniambie kwamba niliota. Nani anaota saa nane mchana, jua linawaka, miguu imejaa vumbi na njaa inamuuma? Haya yalinipata mimi mwenyewe, juu mlimani Chilangala, wilaya ya Newala, wakati ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Songea, sisi ni Wangoni, ukoo wa Komba. Baba yangu alikua bila kumjua baba yake. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza babu alikamatwa kuwa mpagazi, akatwishwa mzigo, akaelekezwa huku kusini. Hakurudi. Baba alikuwa bado ananyonya. Wengine walisema babu ameliwa na simba, wengine walisema amezama Ruvuma. Baba alikuwa mtu wa mzaha, hata hilo alilifanyia mzaha. Lakini mwaka huo miguu ilimvimba, akaniandikia barua, na ndani yake sikuona mzaha hata kidogo.

"Mwanangu," aliandika, "uko huko huko alikopotelea. Nitafutie kaburi lake. Sitaki kuondoka sijui baba yangu amelala wapi."

Ukipata barua kama hiyo utafanyaje? Nikaanza kwenda boma la Newala kila Jumamosi. Karani wa ardhi alikuwa Mchaga mmoja mpole ambaye kila siku aliisifu baridi ya kwao. Alinifungulia kabati la madaftari ya mashamba, mengine ya Waingereza, mengine ya Wajerumani, mchwa wameshakula pembe zake. Nilisoma majina mpaka macho yakawasha. Jumamosi ya nne karani akapiga meza.

"Mwalimu! Hebu soma hapa."

Wino ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka: Komba, Mngoni, mpagazi wa zamani, shamba juu ya Chilangala, linapakana na makaburi.

Kumbe simba hawakumla! Alikuwa na shamba! Nilimkumbatia yule karani, maskini akaona haya mpaka akaangusha kalamu.

Furaha yangu haikudumu. Jumatano ikaja barua ya uhamisho: niripoti Lindi Jumatatu. Nilibakiwa na Jumamosi moja tu. Alfajiri yake nikachukua chupa ya maji na mwavuli wangu mweusi, mpya, niliokuwa nimeununua Masasi na ambao nilijivunia sana, nikashika njia.

Nilipofika, hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamehamishiwa Makote. Nyumba zimeezuliwa, kuta zinatazama juu. Kilichobaki ni mikorosho na majani yake makavu, ukikanyaga yanalia kwachakwacha. Makaburi yenyewe yamemezwa na nyasi. Nilizunguka kwa muda wa saa mbili hivi. Nikakaa chini, nikataka kulia.

Nikasikia mtu anacheka nyuma yangu.

Alikuwa bibi mwembamba, amejifunga kaniki, na mdomo wake wa juu una ndonya, kile kipande cha mti walichovaa bibi wa Kimakonde wa zamani. Nilidhani ni mkimbizi. Siku zile ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vikali, na watu wa Msumbiji walikuwa wanavuka na vifurushi vyao.

"Shikamoo, bibi."

"Sitaki shikamoo ya Mngoni," akasema. "Mmekuja tena kuiba mbuzi wetu?"

Unajua utani wetu. Wazee wetu walipigana na watu wa huku, na sisi wajukuu tukabaki kupigana kwa maneno. Nami sikubaki nyuma.

"Mbuzi wenu wamekonda, bibi. Tuwaibe wa nini?"

Alicheka huku ameshika goti. Kisha, papo hapo, akaunyakua mwavuli wangu, akaufungua, akajifunika. Mtani akishachukua, utasema nini? Nikamwachia, ingawa moyo uliniuma. Sasa jiulize: alijuaje kwamba mimi ni Mngoni? Amini usiamini, wakati ule hata sikuliwaza.

"Unamtafuta yule mzururaji wenu," akasema. "Komba."

"Ulimjua?"

"Nilimjua! Alitokea hapa, bega limechubuka, mguu mmoja umepondwa na mizigo ya Wajerumani, akaniomba maji. Maji nimeyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa changu, yeye akanywa kibuyu kizima! Nikamwambia, utanilipa nini? Hana kitu. Basi, nikamwoa mimi."

Nilicheka mpaka machozi. Kumbe nimempata bibi yangu mzima! Lakini nilikuwa na swali moja, lile ambalo baba alikuwa nalo maisha yake yote.

"Bibi, kwa nini hakurudi kwa mwanawe?"

Akaacha kucheka.

"Kila kiangazi alifunga mzigo. Anafika kwenye mteremko, mguu unamkatalia, anarudi jioni hasemi na mtu. Yule mtoto aliyemwacha ananyonya, alimtaja kila tulipokula. Mwambie baba yako hivyo hivyo nilivyosema."

Akanyoosha mkono. "Yuko pale, penye mawe matatu. Ukimaliza, nenda Makote, nyumba ya tatu kutoka bomba la maji. Mwambie mwanangu Hadija nimemletea mtani. Na nyumba yake inavuja upande wa jikoni, asiseme sikumwambia."

Nikaenda, majani yananililia miguuni. Nikang'oa nyasi kwa mikono, na mawe yalikuwapo, matatu. Nikapiga magoti, nikamsalimu babu kwa salamu ya kwetu, nikafunga udongo kidogo kwenye leso. Nilipogeuka kumshukuru bibi, hayupo. Wala mwavuli haupo. Na sikusikia jani hata moja. Wewe ungeondokaje pale kimya kimya? Nikajiambia, wazee wa mlimani wamezoea.

Makote, kwenye nyumba ya tatu, nilimkuta mwanamke wa makamo anatwanga. Nilimpa salamu za mama yake kama nilivyotumwa. Mchi ukamwanguka.

"Mama yangu yupi?"

"Bibi mwenye ndonya. Akicheka anashika goti."

Akakaa chini pale pale kwenye pumba. "Bibi Somoe," akasema polepole. "Mwalimu, mama tulimzika kabla ya uhuru, ubavuni mwa baba."

Kisha akaniuliza, "Amekuchukulia nini?"

"Mwavuli."

Akaangua kicheko, machozi yanamtoka. "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Na kicheko kile, ndugu yangu, kilikuwa cha baba yangu. Kile kile, kinaanzia puani. Nilikuwa nimesimama mbele ya shangazi yangu, dada wa baba ambaye baba hakujua kama amezaliwa. Tuliingia jikoni tukatazama juu. Kweli, tundu la ngumi nzima.

Kesho yake tulipanda Chilangala na majirani. Mwavuli ulikuwa umefunguliwa, umesimikwa wima karibu na yale mawe matatu, unatia kivuli mahali ambapo jana mimi niliona nyasi tu. Pale ndipo alipozikwa Bibi Somoe. Nilitaka kuuchukua, shangazi akanishika mkono.

"Mwachie. Huku jua kali."

Lindi nikaripoti nimechelewa siku mbili. Mwalimu mkuu akanitaka nieleze kwa maandishi, nikaandika: nilikuwa kwa bibi. Na baba, nilipomwandikia, na miguu yake ile, alipanda lori kutoka Songea, akapita Tunduru, akafika Makote amejaa vumbi jekundu. Nilikwenda kumpokea, nikampa maneno ya bibi kama yalivyo. Alikaa na dada yake nje ya nyumba siku nzima wameshikana mikono kama watoto. Alipona, akaishi miaka mingi baada ya hapo.

Mpaka leo siingii makaburini bila kutoa salamu kwa sauti, hata watu wakinishangaa. Nawe, kama unataka kufukua majina ya wazee wako kwenye madaftari ya zamani, nenda. Ila usidhani ni wewe peke yako unayetafuta. Ukikutana na mzee huko akakutania, usinune, mjibu, tena mjibu vizuri. Na ufikiri kwanza kabla hujatoka nyumbani. Mimi nilitafuta kaburi moja, nikapata ndugu lori zima, na kila tukiwa na harusi Songea wanakuja wote, wanakaa wiki mbili, na wakiondoka wanaondoka na masufuria yangu.