Niliapa Kuwa Njia ya Wake Zetu Haipo

(Mwenye kisa hiki ni msomaji wetu wa Malindi. Ametuomba tusimtaje, na majina ya watu wake tumeyabadilisha.)

Assalaam alaykum wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na mmoja, nina mke mmoja na watoto watatu, na kazi yangu ni kusomesha Kurani chuoni hapa Malindi. Nimeitaja kazi hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Watu wa mtaa wetu wakitaka mtu wa kusema kweli mbele ya wakubwa, hunitafuta mimi.

Nyuma ya mtaa wetu palikuwa na shamba la minazi. Mwenyewe alikufa, warithi wakaliuza kwa tajiri mmoja, naye akataka kulikata viwanja vya kujenga nyumba. Siku hizi Serikali haikubali viwanja vikatwe kienyeji. Mpimaji wa Kizungu akaja na minyororo yake ya kupimia, akachora ramani, kisha sisi majirani tukaitwa barazani kwa Liwali tuitazame, na mwenye neno aseme. Hasa kama pana njia ya watu, iachwe wazi.

Na njia ilikuwapo. Ilipita ukingoni mwa shamba, nyuma ya nyua zetu, ikaunga nyumba kumi na kitu mpaka kisimani. Lakini ilikuwa njia ya wanawake. Mama zetu waliipita, na wake zetu wakaipita, kwenda kuteka maji na kujuliana hali bila kukutana na mwanamume. Sisi hatukuikanyaga. Ukiwasikia wamo, unakohoa unarudi ndani. Hata kuitaja mbele ya wageni ni aibu, sawa na kumwambia mtu mkeo huoga saa ngapi.

Mpimaji akauliza kwa mkalimani, "Je, hapa pana njia?" Wenzangu wakainamisha vichwa, neno wakaniachia mimi. Nikaapishwa. Barazani walikuwamo makarani wa kigeni, askari, na huyo tajiri. Nikajiona nikisema, ndiyo bwana, hapo ndipo wapitapo wake zetu. Ulimi ukanishinda. Nikasema, "Hapana njia." Akauliza mara ya pili, nikasema vile vile. Wazee wakaitikia kwa vichwa, na macho yao yalikuwa yakinishukuru. Nikarudi nyumbani najiona mtu mwenye heshima zake. Mpumbavu mimi!

Miezi michache baadaye ukuta wa mawe wa tajiri ukasimama, ukaiziba njia. Hatukuwa na la kusema, kwani ramani ilisema hapana njia. Wanawake ikawabidi wapite sokoni kwenda kuteka maji, baina ya wachukuzi na wauza samaki, na wengine wakaacha kutoka kabisa. Mke wangu hakuniuliza kitu. Alinitengea chakula akarudi jikoni.

Kisha dada yangu, nitamwita Zuhura, akashikwa na uchungu siku ya Ijumaa mchana. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Mkunga wetu, Bi Time, anakaa ng'ambo ya ukuta. Ni mzee, macho yake hayaoni tena, lakini njia ile aliijua kwa mkono. Alikuwa akipapasa kuta za nyua mpaka mlango wa mzazi, wala hakuhitaji kuongozwa. Siku hiyo ilibidi binti yake amshike, wazunguke kwa barabara ya sokoni, na watu ndio kwanza wanatoka msikitini, wamejaa tele. Alipofika, mtoto alikuwa ametanguliza miguu na muda umeshapita. Alikuwa mtoto wa kiume. Tulimzika mimi na shemeji yangu jioni ile ile.

Siku ya saba nilikwenda kumtazama Zuhura. Nilimkuta amelala, uso kaupa ukuta. Nikamwambia, "Dada, ni amri ya Mungu."

Akageuka. "Amri ya Mungu naijua, kaka. Mimi nakuuliza yako wewe. Uliona haya kututaja?"

"Mbele ya wanaume wale, Zuhura, ningesemaje?"

"Ungesema pana njia. Nani angekuuliza apita nani?"

Wallahi! Lilikuwa jambo jepesi hivyo, na mimi mwalimu mzima halikunijia.

Sasa hati ya tajiri haijatiwa muhuri. Mwenye pingamizi amepewa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo ukuta ni wa milele. Nilimwendea karani kwa siri, akaniambia kauli ya kiapo haitenguki kwa maneno ya pembeni. Ama aliyeapa aje akiri kuwa aliapa uongo, na adhabu yake ni kifungo. Ama aje mtu aliyekuwa akiipita njia yenyewe, aende na mpimaji amwonyeshe.

Zuhura alipopata habari akasema atakwenda yeye. Mumewe akamwambia mbele yangu, "Ukitia mguu barazani, usirudi kwangu. Nimemzika mwanangu, sitaki na kuchekwa." Zuhura akainuka. Alilitoa buibui lake sandukuni, akalikunjua, akalitundika msumarini.

Nikienda mimi, chuo changu kimekwisha. Nani atampeleka mwanawe kwa mwalimu aliyeapa uongo? Wazee nao wamenijia: "Mwalimu, ukijitia uongoni, na sisi tuliokuitikia je?" Nikinyamaza, dada yangu ataachwa kwa kosa langu. Na mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nasema wazi, naogopa jela. Naogopa zaidi siku nitakayopita mtaani na watu wasiitikie salamu yangu.

Jana Zuhura aliniletea ujumbe kwa kinywa cha mke wangu. "Mwambie kaka asitaabike. Anionyeshe tu mlango wa baraza ni upi, maana mimi sijapata kufika."

Jamani, nyinyi mnaonisoma, nipeni rai kabla mwezi haujesha. Nimwonyeshe mlango, au niuingie mimi?